Zamu ya Bureimoa Kambini

Siku ile mjinga alikuwa Bureimoa, na hata leo ukimuuliza atakubali kabla hujamaliza swali.

Asubuhi ilianza kwa upole. Ukungu ulikuwa umelalia vilima vya kisiwa chetu cha Rabi kama mtu asiyetaka kuamka. Bureimoa alikuwa akielekea ukumbi wa kijiji cha Uma, ambako vijana walipiga kambi ya kujifunza uongozi, na kiongozi wao alikuwa binti yake, Teretia. Wazee waliwaazima ukumbi kwa sharti moja: kila siku mtu mzima mmoja akae nao, awafundishe jambo la Banaba, kisiwa walikotolewa babu zetu wakaletwa hapa Rabi, wageni walipokichimba udongo. Siku asipotokea mtu, kambi inafungwa.

Zamu ilikuwa ya Bureimoa. Kule Banaba maji ya kunywa yalikuwa ndani ya mapango, na walioruhusiwa kuingia ni wanawake tu. Mama yake hakujaliwa binti, basi njia zote za gizani akamwachia yeye. Leo alikuwa azirudishe kwa wasichana.

Njiani alimkuta rafiki yake Kaitu na bakuli la yangona, ile mizizi ya kutwanga na kukamua, inayotia ulimi ganzi na kulainisha dunia. Kaitu akamwambia, shemeji, moja tu, la kufungulia koo. Na wewe msomaji unayajua mabakuli ya moja tu.

La tatu lilipopita, Bureimoa alikuwa ndani ya pango. Alisimulia wanawake wakitambaa kwa tumbo, vifuu vya nazi vikigongana, tone likidondoka mbali mahali pasipoonekana. Jua lilivuka paa bila mtu kuliona. Hajawahi kusimulia vizuri vile maishani mwake. Msikilizaji wake alikuwa amelala zamani.

Ukumbini, wasichana walikuwa wamekaa mikeka ya mbele, nywele zimechanwa. Walingoja hadi vivuli vikageuka upande. Mzee wa ukumbi, kupoteza muda, akamuuliza kijana mmoja amefundishwa nini nyumbani kuhusu mambo ya kwao.

"Kutwanga yangona," kijana akajibu, tena kwa adabu.

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia mdomoni. Mzee akasema sharti ni sharti, mikeka ikunjwe. Bureimoa alipofika, akikanyaga polepole kama anayevuka maji, wasichana walikuwa wanaondoka na matandiko kichwani, kila mmoja na njia yake.

FUNZO

Ndugu zangu, sikatazi bakuli. Langu mwenyewe halijakauka. Ninachosema ni hiki: kuisaidia kambi ya vijana si kuisifu mkutanoni, ni kufika. Tumeshaporwa kisiwa mara moja. Mzazi anayewanyima watoto muda wake anawapora mara ya pili, na safari hii hakuna mgeni wa kumlaumu.

Bureimoa alijaribu kujitetea. Alimwambia binti yake kwamba Banaba haifundishwi kwa zamu kama kufagia uwanja. Banaba iko damuni, na yeye hakuhitaji kambi yoyote ili aijue.

"Umezaliwa hapahapa Rabi, baba," Teretia akasema, akiendelea kukunja mkeka. "Unaijua Banaba kwa sababu bibi alikuja akakaa nawe."