Nusu ya Kyungu

Banza alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo ndio uliompandisha milima ya Nzilo peke yake siku ile. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, na pikipiki zote za Kolwezi zilikuwa zimekataa kutoka. Wachimbaji wenzake wa kobalti walimwambia angoje. Angoje nini? Mwanawe Kabange alikuwa anaungua na homa kijijini, ng'ambo ya milima, na chupa ya dawa alikuwa nayo yeye mfukoni. Akaondoka alfajiri.

Begini aliweka paketi mbili za biskuti, ingawa mtoto aliyebaki ni mmoja. Kabange alizaliwa pacha. Mwenzake Kyungu alichukuliwa na homa kama hiyohiyo msimu uliopita. Na kwao, wazazi wa mapasa, yaani mapacha, hawapeleki nyumbani kitu kimoja. Hata pacha mmoja akienda zake, sehemu yake huwekwa kwanza penye njia panda, ndipo aliye hai apewe yake. Banza aliyajua hayo vizuri kabisa.

Lakini mlima ulimtesa. Mawe yaliteleza, jua likampiga utosini, na kila kilele alichomaliza kilimwonyesha kingine. Maji yakaisha. Njaa ikamkamata mpaka akaona kizunguzungu, akajitupa juu ya jiwe na kufungua begi.

“Mufu hasikiake njala,” akajisemea.

Akala paketi moja nzima. Jamani! Angeila kwa jina la Kabange, angefika nyumbani akamwomba mtoto msamaha, yakaisha. Yeye akala ile ya Kyungu, na kwa jina lake, tena akalamba vidole.

Aliposimama, akasikia nyayo nyuma yake. Ndogo. Pekupeku.

Akageuka... majani tu.

Akatembea. Nazo zikatembea. Akasimama. Zikapiga hatua moja zaidi, ndipo zikasimama.

Basi mwanaume mzima akateremka mbio, anamwita Yesu huku anatukana. Jua lilikuwa linazama alipofika njia panda chini ya mlima. Moshi wa kijiji chao ulionekana kabisa. Hapo ndipo pua yake ilipokutana na harufu anayoijua: jasho la mtoto mgonjwa na matapishi makavu. Mguu wake wa kulia ukagoma. Kiganja kidogo kilikuwa kimemshika nyuma ya goti, nacho kilikuwa cha moto.

“Tata... yangu iko wapi?”

Banza akaitupa nyuma paketi iliyobaki, hakuthubutu kugeuka. “Kamata! Kamata, mwanangu, uende!”

“Ile ni ya Kabange. Yangu ulishakula.” Sauti haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya ajikojolee. “Tugabule dawa, tata, nusu kwa nusu. Mi pia niko na homa.”

“Hapana! Dawa ni ya ndugu yako. Atakufa!”

Kiganja kikakaza. Joto likapanda hadi pajani, mpaka akasikia nyama yake inaungua. Banza alilia, tena kwa sauti. Asipotoa hafiki, na asipofika Kabange atakosa yote: hivyo ndivyo alivyojitetea. Akafungua chupa, akamimina nusu mchangani.

Glu... glu... glu...

Mguu ukafunguka.

Mkewe, Tatiana, hakumpa hata pole. Alimnyang'anya chupa mlangoni, akaiinua kwenye mwanga.

“Nani alifungua hii?”

“Ilimwangika mu njia,” Banza akasema, macho chini.

Wakamnywesha mtoto kilichokuwepo mpaka kikaisha.

Siku chache baadaye homa ilishuka. Tatiana akapiga kigelegele, kisha kikamkatikia kooni. Upande wa kulia wa Kabange ulikuwa na jasho na uhai. Wa kushoto ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mkono hauinuki, mguu hausogei, jicho halipepesi. Muuguzi wa kituo alieleza kwamba malaria ikipanda kichwani hufanya hivyo, hasa dawa isipotosha. Huenda. Muuguzi anajua kazi yake, nani ambishie?

Tatiana akatoka kumsindikiza muuguzi. Banza akabaki peke yake na mwanawe. Kabange akamwita karibu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

“Tata, huyu wa upande huu anasema aksanti.”

Banza akapiga hatua moja nyuma.

“Anasema upande mumoja haumutoshe. Anauliza, ule ingine utamupatia siku gani?”