Kifimbo cha Marehemu Orville

Kengele ililia kabla Verna hajaigusa.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, ndani ya kibanda cha mapazia meusi, mikono imefungwa kamba nyuma ya kiti. Mkono wa kulia ndio uliokuwa na kazi ya kuchomoka kwa siri, upige kengele, urushe tari, uandike kwenye kibao cha chaki, ili watazamaji waseme mzimu umefika. Lakini mkono ulikuwa bado haujatoka hata kidole. Na kengele, iliyokuwa sakafuni mbele ya miguu yake, ikalia mara tatu, taratibu.

"Safi kabisa!" Dwight alisema kutoka nje ya pazia. "Umewahi kidogo, lakini safi!"

"Sijaigusa."

"Hujagusa nini?"

"Kengele, Dwight. Bado nimefungwa."

Kisha mumewe akacheka kile kicheko chake cha puani. "Acha masihara, mama. Turudie tangu mwanzo."

Ilikuwa Jumapili mchana, wiki tatu kabla ya Halloween, ile sikukuu ya kutishana kwa mizimu, gerejini kwao Pell Creek, Ohio. Jua linawaka, jirani anapuliza majani makavu kwa ile mashine yake ya kelele, na jikoni mkate wa maboga umo kwenye oveni. Si saa ya mizimu hata kidogo. Verna akajiambia labda Dwight ameweka uzi mahali bila kumwambia, na akafurahi kwa ajili yake, maana Dwight kubuni jambo likafanikiwa lilikuwa tukio la kuandikwa kwenye kalenda.

Tuseme kweli: Dwight Hruska alikuwa fundi mzuri wa matairi na mfanya mazingaombwe mbovu. Miaka kumi na tisa alizunguka kwenye sherehe za watoto, karata zikimwanguka, sungura akimkojolea mfukoni. Mwalimu wake, mzee Orville Tackett, ndiye aliyekuwa bingwa. Kila Halloween kwa miaka arobaini Orville aliwatisha watu kwenye ukumbi wa zimamoto mpaka wanawake watu wazima wakakaa mapajani mwa waume zao. Mwezi wa tatu Orville akafa, na mkuu wa zimamoto, bwana mmoja mnene aitwaye Lyle, akamwambia Dwight: dakika kumi za mwaka huu ni zako.

Dakika kumi tu. Kwa Dwight zilikuwa dakika za maisha yake, na Verna alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyeshona yale mapazia, usiku na mchana, baada ya kutwa nzima ya kusimama saluni akikata nywele za watu. Ndiye aliyejifunza zile kamba mpaka viwiko vikachubuka. Hakulalamika. Alimpenda yule mwanamume na karata zake za kuanguka.

Jumanne yake, baada ya chakula cha jioni, wakafanya mazoezi tena. Safari hii ikaja harufu kwanza. Tumbaku ya kiko na dawa ya kikohozi, ndani ya pazia, karibu kabisa na shavu. Verna aliitambua lakini hakutaka kuitambua. Tari likainuka lenyewe, likatikisika juu ya kichwa chake. Halafu mkono wa mtu, mkavu, baridi, ukajiweka juu ya mkono wake wa kulia uliofungwa, ukatulia hapo kana kwamba unapima glovu.

"Nitoe," alisema kwa sauti ndogo. "Dwight, nitoe humu."

"Dakika mbili bado."

"Kuna mtu humu ndani!"

"Ndivyo watakavyosema na wao," Dwight akamjibu kwa furaha. "Vumilia, mama. Vumilia kidogo."

Alipomfungua, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa baridi na havikupata joto tena. Akaviloweka kwenye maji moto, akavisugua kwa mafuta ya mgongo, wapi. Dwight akasema ni gereji, gereji ina baridi, atanunua hita. Kesho yake asubuhi walikuwa mezani na kahawa, Verna anasoma gazeti, akaona mkono wake wa kulia umeokota sarafu iliyokuwa mezani na unaitembeza juu ya vidole, kutoka kimoja hadi kingine, nenda rudi, kwa ufundi ambao hakuwahi kufundishwa. Sarafu ikapotea. Kiganja kikafunguka kitupu.

Verna alipiga ukelele. Akamtazama mumewe, na Dwight hakushtuka. Alikuwa anatabasamu. Tena midomo inatikisika, anahesabu sekunde.

Mazoezi yakaendelea, mara sita kwa jumla. Mnaniuliza kwa nini alirudi mle? Alirudi kwa sababu mumewe alimshika mabega akamwambia, "Ungekuwa na hatari, mimi ningekuruhusu?" Mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na mbili akikwambia hivyo, utamjibu nini? Na kila mara baridi ikapanda. Kiganja, kifundo, kiwiko. Saluni mkasi ukamwanguka mbele ya mteja, akatoa udhuru wa mishipa. Usiku aliulaza ule mkono juu ya mto wake wenyewe, mbali na mwili, na akausikia ukichanganya karata zisizokuwapo.

Siku tatu kabla ya Halloween alikwenda kwa Bi Hazel, mjane wa Orville, kumtengeneza nywele kama kila mwezi. Bi Hazel alikuwa na miaka themanini na minne na macho yake yalikuwa yamebaki na ukungu tu. Verna alimfunga roli kwa mkono wa kushoto, polepole.

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kulikuwa na vipande viwili vya kifimbo alichofanyia marehemu mazingaombwe yake. Wenye kazi hiyo wana desturi yao: mwenzao akifa, husimama mbele ya jeneza na kukivunja kifimbo chake katikati, ili kazi yake iishe na mwenyewe apumzike. Cha Orville kilivunjwa na Dwight, mwanafunzi wake, huku machozi yanamtiririka, na Verna alikuwa kando amemshika bega.

"Alikichonga kwenye mguu wa kitanda cha mama yake," Bi Hazel alisema, kama mtu aliyemwona anakotazama. "Mbao nyeusi mpaka ndani. Siku za mwisho ikawa wimbo wake: Hazel, hakikisha kijana anakivunja. Maana kisipovunjwa, alisema, mwenyewe haondoki. Atatafuta mkono wa kufanyia kazi."

Verna akasogea kwenye fremu. Akainamisha kichwa. Pale mbao ilipokatika, ndani ya rangi nyeusi, ilikuwa nyeupe pee, mbao ya bei rahisi ya dukani.

Alisimama pale muda mrefu. Kifimbo kilitoka mkononi mwa Bi Hazel kikaingia mkononi mwa Dwight, na mkononi mwa Dwight kikabadilishwa, mbele ya jeneza, mbele ya mjane, chini ya macho ya mke aliyekuwa anamfariji. Karata zote zile zilizomwanguka maisha yake yote, na siku hiyo moja vidole vyake havikukosea.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Roli imekwama tu, Bi Hazel," Verna alisema, na akajifuta uso kwa taulo ya nywele.

Jioni alimkuta Dwight jikoni anakula supu. Hakukaa.

"Kifimbo cha Orville kiko wapi?"

Kijiko kikasimama. Dwight alitazama mlango, akatazama dirisha, kana kwamba kuna mtu mwingine nyumbani wa kumsikia, akasema kwa kunong'ona, "Nitakivunja. Naapa. Onyesho likiisha tu."

"Ulijua tangu lini kwamba ni yeye?"

"Tangu kengele ya kwanza."

"Ukanirudisha mle."

"Verna..."

"Mara sita, Dwight! Nikakwambia mkono unakufa, ukaniambia utanunua hita!"

"Sikia, sikia. Watu wa mji huu wamenicheka miaka kumi na tisa. Nataka Halloween moja. Moja tu, watu washike vifua. Ni dakika kumi, mama. Ukishatoka nakivunja, na mkono utarudi."

"Na baridi ikipanda ikafika moyoni kabla ya dakika kumi?"

Dwight akachota supu. Na kile kitendo cha kuchota supu ndicho kilichomuumiza Verna kuliko kifimbo chenyewe. Aliona kwamba mumewe alishalifikiria swali hilo, alishalipima, na alikuwa tayari.

Akatafuta nyumba nzima, sanduku la maonyesho, boksi za matairi, hata ndani ya friji, hakukiona. Wakati anatafuta, mkono wa kulia ukaokota penseli ya kuandikia vitu vya dukani, na kwenye orodha iliyobandikwa kwenye friji, chini ya maziwa na mayai, ukaandika kwa mwandiko wa mtu wa zamani: ALINIAHIDI. VUNJA. Verna akasoma akalia. Kumbe wametapeliwa wawili. Baridi ilikuwa imeshapita bega, hata bila kuingia kibandani, na alijua kwamba kifimbo kitatoka mafichoni mahali pamoja tu, jukwaani.

Basi Halloween saa kumi na mbili jioni alivaa gauni lake jeusi akaenda.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa. Watoto wamevaa mavazi ya wachawi na ya mifupa, mikono imejaa peremende, maboga yaliyochongwa nyuso yamepangwa mbele ya jukwaa yananuka moshi wa mishumaa. Dwight alitoka na koti refu, akasema maneno yake, akatikisa mkono wa shati, na kifimbo kikajitokeza kwenye vidole vyake, cheusi, cha zamani. Verna alipita mbele yake kwenda kwenye kiti kama walivyozoea. Hakuna mtu aliyeona kitu. Hata yeye mwenyewe hakuhisi, maana mkono ule haukuwa wake tena, ila alipofika kitini aliona Dwight ameshika hewa na kifimbo kimo mkononi mwake yeye.

Akawageukia watu.

"Jamani! Kila mwaka anayefungwa ni mwanamke. Mwaka huu si tumfunge mume?"

Wanawake wa Pell Creek walipiga vigelegele na miluzi mpaka vioo vikatetemeka. "Mfunge! Mfunge!" Lyle alipanda jukwaani na wenzake wawili, wanacheka, na watu wa zimamoto fundo lao ni fundo, si la kuchomoa kwa siri. Wakamkalisha Dwight kitini. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Verna," alinong'ona, meno yamefungwa ili watu waone anatabasamu. "Siwezi kukaa humu. Unajua kitakachonipata."

"Hapana, Dwight. Wewe ndiye unayejua."

Akavuta pazia.

Kwanza hapakuwa na kitu, watu wakakohoa, mtoto akauliza kama imeisha. Halafu Verna akahisi baridi inashuka, kutoka begani kuja kiwikoni, kutoka kiwikoni kuja kiganjani, inamtoka kama maji yanavyotoka kwenye sinki, na kadiri ilivyomtoka yeye ndivyo kule ndani ya pazia kengele ilivyoanza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa kasi, tari likaruka juu ya mapazia likadunda jukwaani, kibao kikapasuka, harufu ya tumbaku na dawa ya kikohozi ikaenea mpaka viti vya mbele, na wazee waliomjua Orville wakatazamana, na watu wakapiga mayowe wakacheka wakashikana vifua, kama vile Dwight alivyotamani miaka kumi na tisa, isipokuwa yeye mwenyewe hakuwa mahali pa kuwaona. Verna tu, aliyesimama karibu na kitambaa, ndiye aliyemsikia.

"Verna. Amenishika. Vunja, mama, vunja sasa hivi, nakuomba, amenishika mikono yote miwili..."

Alingoja kidogo. Kiasi gani? Mimi sikupima. Wengine baadaye walisema alingoja kama mtu anayekumbuka jambo. Kisha akakiweka kifimbo gotini akakivunja, na mlio wake ulikuwa mzito, na mbao ilikuwa nyeusi mpaka ndani.

Kengele ikanyamaza katikati ya mlio. Harufu ikakatika.

Lyle ndiye aliyefungua pazia, anacheka bado. Kiti kilikuwapo. Mafundo yake manne yalikuwapo, yamekazwa vilevile alivyoyakaza, na ndani ya kila kitanzi hapakuwa na kitu. Akapapasa kitambaa cha nyuma akitafuta upenyo. Haukuwapo, Verna alikishona mwenyewe.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Pell Creek haikuwahi kuona kitu kama kile, hata enzi za Orville. Watu wakasimama, wakaanza kugeuka nyuma, kwa maana kila mtu anajua mfanya mazingaombwe akipotea jukwaani hutokea kwenye mlango wa kuingilia, kajaa tabasamu, mikono juu. Wakautazama mlango. Watoto wakapanda juu ya viti ili wawe wa kwanza kumwona. Makofi yakapungua, yakaanza tena kumsubiri, yakapungua.

Verna alikunja vidole vya mkono wake wa kulia akavikunjua, vyote vitano, vina joto. Ukumbi mzima, yeye peke yake ndiye ambaye hakuutazama mlango.