Kitumbua cha Kumi

Norio, muuza magodoro wa mji wa Yonago, hukisimulia kisa hiki akicheka. Huanza kwa kujicheka mwenyewe: tumbo lake linalofika mlangoni kabla yake, viatu vipya vilivyombana tangu asubuhi, ramani aliyoishika kichwa chini miguu juu na bado akawaongoza wenzake kwa kujiamini. Hucheka mpaka afike kwenye mashua. Akifika hapo huomba maji.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Walikuwa watatu, marafiki tangu darasa la kwanza, wote wameshavuka hamsini, wamekuja Osaka kutembea tu. Norio mwenyewe; Tsutomu, fundi saa ambaye hakuna neno asilolipinga; na Mineko, mwanamke karani wa maktaba, mtu wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Miaka kumi na mmoja Mineko alimuuguza mama yake kitandani. Mama alifariki majira ya baridi, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Norio na Tsutomu walikuwa wameapa kwamba leo atafurahi, apende asipende.

Saa tano asubuhi walisimama kwenye kibanda cha vitumbua vya pweza, chini ya mnara mmoja wa zamani. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ingeweza kusimamisha treni.

"Kumi hivyo! Pulizeni kwanza. Kaka wewe mwenye tumbo, usije ukaunguza ulimi ukanishtaki."

"Huu ulimi uliungua zamani, mama. Mke wangu anasikitika haukuungua wote."

Mineko akacheka mpaka akaziba mdomo. Walikula vitatu vitatu, kikabaki kimoja.

"Chukua, Mineko."

"Aa, mimi nimeshiba. Ale Tsutomu."

"Mpe Norio, tumbo lake linalia mpaka huku."

"Tumbo langu lina adabu leo. Limeapishwa nyumbani."

Watu wa Osaka wana jina la kipande kama hicho cha mwisho, ambacho kila mtu anakitaka na kila mtu anakionea haya. Wanakiita donge la staha. Kwa kawaida hukaa sahanini mpaka meza ifutwe, na hakuna anayedhurika.

"Malizeni," mwenye kibanda akasema.

"Tumeshiba, mama."

"Sikuuliza kama mmeshiba. Kwangu hakibaki kimoja."

Mineko akainama kwa heshima. "Basi tumwachie atakayekuja nyuma yetu."

Yule mwanamke akaacha kugeuza vitumbua vyake. Mafuta yakaanza kutoa moshi.

Wao wakageuka kupiga picha mnara. Haikuchukua hata dakika. Waliporudisha macho, sahani ilikuwa tupu. Norio akamcheka Tsutomu, Tsutomu akamcheka Norio, kila mmoja akaapa si yeye. Kijiti cha kuchomea kilikuwa kimelala sahanini. Ncha yake ilikuwa imetafunwa.

Mchana waliingia kwenye mkahawa wa tambi. Binti akaleta mabakuli matatu: moja mbele ya Norio, moja mbele ya Tsutomu, la tatu akaliweka mbele ya kiti cha nne, ambacho hakikuwa na mtu.

"Samahani, binti, sisi tuko watatu," Norio akasema.

"Ndiyo," akajibu, akikitazama kile kiti kwa tabasamu. "Watatu."

Mineko akapunga mkono. "Usimsumbue. Mimi hata shuleni mwalimu alikuwa ananiruka akiita majina." Akanyoosha mkono, akalivuta bakuli lake. Tambi zilikuwa zimeshapungua nusu.

Tangu hapo Norio hakutulia. Hakujua kinachomkera ni nini. Kituoni watu walimpiga Mineko vikumbo bila kugeuka. Lango la tiketi likamfungia mara tatu. Mhudumu akampita Mineko, akawauliza wale wanaume wawili kama wanahitaji msaada. Mineko akaomba radhi kwa mhudumu, kwa lango, kwa foleni nzima. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha pili.

"Unaumwa?" Norio akamnong'oneza.

"Nimechoka tu. Nishikie mwavuli."

Saa tisa wakafika kwenye mfereji, mahali mashua za watalii zinapakia. Nahodha alisimama gatini akihesabu vichwa kwa kidole. Norio akapanda. Tsutomu akapanda. Mashua ikayumba kidogo, kama kuna mwingine amekanyaga.

"Na wa tatu," nahodha akasema. "Tayari. Twende."

Injini ikanguruma. Maduka yakaanza kupita, mabango, madaraja, watoto wakipunga mikono. Norio alipunga pia. Alikuwa na raha. Kisha akaona kwamba ana raha, na jambo hilo likamtia wasiwasi. Kulikuwa na kitu amekisahau. Jiko? Mlango wa nyumbani? Akatazama mkononi.

Alikuwa ameshika mwavuli wa kike.

"Tsutomu. Huu ni wa nani?"

"Sijui. Umeuokota?"

"Tulikuja wangapi?"

"Watatu, we vipi? Wote tupo."

Norio akageuza shingo polepole. Kiti cha pembeni yake hakikuwa na mtu. Lakini mto wake wa kukalia ulikuwa umebonyea. Ukabonyea zaidi upande wa kwake. Kitu kilimsogelea. Kilinukia mchuzi na pweza.

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilianza na M. Akalishika, likateleza. Akalishika tena.

"Mineko," akasema.

"Mineko nani?" Tsutomu akauliza.

Norio hakungoja mashua ifungwe. Iliposogelea gati la pili aliruka, akapiga goti, akainuka, akakimbia. Kwa mtu wa uzito wake lile halikuwa jambo la kutazamwa na watoto. Alikimbia akirudia jina lile kila hatua, maana kila alipovuta pumzi lilitaka kumtoka. Tsutomu alimfuata akitukana.

Mineko alikuwa amekaa kwenye ngazi za lile gati la kwanza. Vijana wawili waliokuwa wakila barafu wakamkalia nusu, hawakushtuka. Norio alimwona kama mtu anavyoona kitu chini ya maji.

"Niliita," Mineko akanong'ona. "Nilipiga kelele, Norio. Mimi. Nilipiga kelele."

"Simama. Tunarudi kule kwenye vitumbua. Usiuachie mkono wangu."

Mwenye kibanda aliwaona wakija. Aliuangalia mkono wa Norio, ulioshika hewa, kisha akaangalia pembeni yake zaidi, mahali pengine kabisa, na uso ukamkauka.

"Mlimkaribisha aliyekuwa nyuma yenu," akasema kwa sauti ya chini. Ile sauti ya kusimamisha treni haikuwepo. "Nani aliyetamka?"

"Yeye."

"Basi ale yeye. Kumi, na cha kumi kiwe chake. Asimwachie tena. Mkimwachia cha pili, hatarudi tena mtu."

Wakala. Tsutomu vitatu, akilalamika kwamba Norio anaongea peke yake. Norio vitatu, bila ladha. Vitatu vingine vikainuka kimoja kimoja, vikapotea kwenye ukungu uliokuwa mdomo wa Mineko. Kikabaki kimoja.

Mineko hakusogea.

"Kula."

"Chukueni ninyi."

"Mineko!"

"Siwezi. Cha mwisho, mbele za watu... Nitaonekanaje?"

"Huonekani kabisa, mwanamke wewe! Kula!"

Kitumbua kikatikisika. Kijiti kilichokuwa kimelala upande wa pili wa sahani kilisimama chenyewe. Kikachoma. Kitumbua kikaanza kusogea. Polepole. Kikielekea ng'ambo, mahali pasipo na mtu.

Norio akanyoosha mkono, ukagoma. Vidole havikufunga. Kitumbua hakikuwa chake.

"Miaka kumi na mmoja," akamwambia, machozi yanamtoka. "Umempa mama yako kila kitu, na ulifanya vyema. Huyu si mama yako. Huyu hata humjui. Utampa na jina?"

Kitumbua kikafika ukingoni.

Ndipo mkono ukatokea. Mkono wa Mineko, mwekundu, halisi, bila kijiti wala adabu. Ulikipora kile kitumbua kama paka anavyopora samaki. Akakitia chote mdomoni. Akapiga ukelele kinywa kikiwa kimejaa.

"Loo, Mineko!" Tsutomu akasema kwa mshangao. "Kwa mkono kabisa? Umelelewa wapi wewe?"

Norio akakaa chini palepale, katikati ya watalii, akacheka mpaka akakohoa. Mineko alikuwa anatafuna na kulia, na mama mmoja mpita njia akamwomba apishe kidogo. Akamwomba yeye. Akimtazama usoni. Mwenye kibanda hakucheka. Aliichukua ile sahani kwa koleo, akaitupa.

Kidole cha shahada cha Mineko kilikuwa kinatoka damu. Waliporudi, daktari wa Yonago alikitazama akamwuliza kama nyumbani kuna mtoto, maana alama ni za meno, madogo, yamepangika nusu duara, na mbele pana pengo. Mineko anaishi peke yake. Alimwambia ni paka.

Imepita miaka mitatu. Kila mwezi bado wanakula pamoja, na kipande cha mwisho ni cha Mineko, hakuna anayebisha, hata Tsutomu. Kovu halikufifia. Mwezi uliopita, walipokuwa wakinywa chai, Mineko alikiweka kidole mezani, chini ya taa, akawaomba watazame vizuri.

Kati ya zile alama, pale palipokuwa na pengo, jino limeota.