Walinzi Wawili wa Nyumba Moja

Jikoni kwa akina Geraghty palikuwa na mabirika mawili. Jekundu lilikuwa la Nuala, jeusi la mumewe Fintan. Kwenye friji, rafu ya juu ilikuwa ya mke, ya chini ya mume. Siagi ya Fintan iliandikwa jina, kana kwamba ingetoroka.

Waliamua kuachana mwezi wa Januari. Sisi majirani hatukusikia ugomvi. Walichunguzana tu. Fintan alilala chumba cha nyuma, Nuala cha mbele. Binti yao Dervla, mwenye miaka kumi na mitatu, alilala katikati akisikiliza milango.

Hakuna aliyetaka kuhama. Nuala alikumbuka maneno ya marehemu mama yake: "Mwanamke akivuka kizingiti, nyumba ameiacha." Fintan naye aliambiwa hayohayo baa. Kwa hiyo Nuala akienda dukani, alirudi mbio. Fintan akitoka kuangalia kondoo, akirudi alijaribu kwanza ufunguo wake mlangoni. Watu wazima hao.

Mwezi wa Septemba timu ya Dervla iliingia fainali ya kamogi, ule mchezo wa wasichana wa fimbo na mpira. Asubuhi ya Jumapili alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Mtakuja?" aliuliza.

"Baba yako anaenda?" Nuala akauliza.

"Anasema utoke wewe kwanza."

"Ahaa. Abaki abadilishe kitasa."

Fintan alikuwa akimimina chai. "Na yule fundi wa vitasa niliyemwona Alhamisi, alimfuata nani?"

"Alikwenda kwa jirani."

"Mmh. Kwa jirani."

Dervla hakungoja zaidi. Alipanda gari la Assumpta, jirani wa ng'ambo ya barabara.

Walirudi saa kumi na moja jioni. Dervla alikuwa na medali shingoni. Aliwakuta wazazi wake jikoni, kila mtu na birika lake.

"Tumeshinda," alisema. Akaivua medali, akaiweka mezani katikati yao. "Ilindeni na hii." Akaenda chumbani kwake.

Nuala aliona aibu hadi masikio yakamuwaka moto. Assumpta, aliyeingia nyuma ya Dervla, alivuta kiti bila kukaribishwa. Alifanya kazi katika ofisi ya mjini ambako watu huenda kuuliza haki zao.

"Mnalinda nini hasa?" aliuliza.

"Nikitoka, nimeipoteza nyumba," alisema Nuala.

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Na mimi waliniambia baa," alisema Fintan.

"Basi mna mawakili wazuri sana," alisema Assumpta. "Sikilizeni. Kuhama peke yake hakukufutii haki yako. Ila uliza wakili kabla ya kufunga mizigo. Wala hakuna anayeweza kumfungia mwenzake nje kwa kubadilisha kitasa tu. Hilo ni la mahakama."

Nuala alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Muulize ile bahasha ya kahawia nyuma ya saa ni ya nini."

Fintan alikohoa. "Nilitaka tu kujua bei ya nyumba."

"Kwa siri."

"Ningekwambia ungelala?"

"Kujua bei si kosa," alisema Assumpta. "Lakini Fintan, nyumba ya familia huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila idhini ya mkeo ya maandishi. Hata kama hati ina jina lako tu. Na wewe Nuala, usitie sahihi karatasi yoyote wakili wako hajaisoma. Wakili wako mwenyewe, si wake."

"Sina uwezo wa wakili," alisema Nuala.

"Mwenye kipato kidogo huomba msaada wa serikali. Njoo ofisini, nitakupa fomu."

Fintan aliukunja uso. "Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa aliyekaa kwenye gari langu saa nzima bila kusema neno, na timu yake imeshinda."

Fintan aliisogeza medali mbali na birika lake.

Assumpta aliwaambia pia kuhusu wasuluhishi wa serikali, ambao hawatozi chochote. Hawalazimishi ndoa irudi. Huwakalisha watu wawili mezani mpaka wakubaliane mtoto atakaa wapi, na nyumba itakuwaje.

"Na hii miezi ya mabirika mawili imepotea bure?" aliuliza Fintan.

"Hapana. Talaka inataka muwe mmetengana miaka miwili kati ya mitatu iliyopita. Mnaweza kuhesabiwa mmetengana hata chini ya paa moja, mradi hamuishi kama mke na mume."

Walikwenda kwa msuluhishi mara tano. Mara mbili za mwanzo walikwenda kwa magari mawili, kila mmoja akihofia mwenzake atawahi kurudi. Mwishowe waliandikiana makubaliano. Kila mmoja aliyaonyesha kwa wakili wake kabla ya kutia sahihi. Fintan alihamia nyumba ya zamani ya kaka yake, mwendo wa dakika kumi. Dervla angelala kwa mama siku za shule, na kwa baba mwisho wa wiki. Nyumba haitauzwa mpaka amalize shule.

Mwezi wa Mei Dervla alicheza tena. Nuala alisimama upande huu wa goli, Fintan upande ule. Wakati wa mapumziko Fintan alimsogelea.

"Mlango umeufunga?" aliuliza.

Nuala alipapasa mifuko ya koti. "Sikumbuki," alisema.

Fintan alitazama barabara ya kwenda nyumbani. Kisha filimbi ikalia, na wote wawili wakabaki palepale.