Majina ya Meli ya Voss

"Kunguru, mzigo umeondoka Kilosa. Prado nyeupe, watu wawili. Una dakika ishirini."

"Sawa, Rebeka."

Ditram alirudisha redio ya Motorola kiunoni. Hakuuliza zaidi. Miaka thelathini ya ujasusi ilikuwa imemchosha hata kuuliza. Goti lilimuuma, jua la saa saba lilimpiga utosini, na barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa tupu.

Mzigo wenyewe ulikuwa daftari.

Zamani za utumwa, karani mmoja wa pwani aliliandika ndani ya meli ya biashara ya ukoo wa Voss. Karatasi rasmi za meli zilisema shehena ni nta na pembe za ndovu. Daftari la karani lilisema kweli: shehena ni watu. Aliwaandika mmoja mmoja, majina yao na vijiji walikotekwa, kisha akalitorosha, akahamia bara na kuzaa Kilosa. Kitukuu chake, mwalimu Shamimu, alikuwa alitoe keshokutwa Morogoro mbele ya tume inayochunguza biashara ya utumwa. Kampuni ya Voss bado ina meli baharini, tena ina jina zuri.

Asubuhi hiyo daftari liliibwa. Ndege ndogo ilikuwa ikisubiri Mikumi. Likipanda ndege litachomwa, na watu wale watakuwa wamepotezwa mara ya pili.

Ditram alikuwa na bastola ya Glock yenye risasi za kutosha. Akachukua panga. Kupasua tairi kwa risasi ni michezo ya vijana.

Alikata matawi mabichi, akayapanga barabarani kabla ya kona. Kisha akajibanza nyuma ya kichuguu.

Prado ilikuja mbio.

Thadeo, dereva wa kukodiwa, aliyaona matawi. Dereva yeyote wa nchi hii anajua maana yake: mbele kuna lori limeharibika. Mguu ulikanyaga breki kabla kichwa hakijaamua. Nyuma yake kijana wa ukoo wa Voss, siku ya tatu nchini, alimfokea apite, hayo ni majani tu. Thadeo akamjibu kwamba ana watoto wanne. Akasimama kabisa, achungulie kona.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Mikono juu," Ditram alisema. "Taratibu. Nimechoka, nisije nikakosea."

Mkono wa Voss ulielekea kwenye koti. Mdomo wa Glock ukamgusa sikio. Mkono ukabadili mawazo.

Thadeo aliapa kwamba alidhani amembeba mtalii. Ditram alimwamini. Akamfunga Voss pingu, akalitoa daftari kwenye begi.

"Wote wameshakufa," Voss alisema kwa Kiswahili cha kusomea. "Nani anawahitaji?"

Ditram alifungua ukurasa mmoja. Mwanamume wa Kisanga, ana kovu shavuni. Mama na mwanawe, Vidunda. Hasira ilimpanda, nzito, ya kizee, isiyo na pa kwenda. Akalifunga.

"Rebeka. Ninalo. Njoo umchukue mtu wako, na mwalimu umlete."

Walifika baada ya nusu saa. Shamimu alilipokea daftari kwa mikono miwili, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Alisoma jina la kwanza kwa sauti.

"Shikamoo," akasema.

Akasoma la pili. "Shikamoo." Akaendelea hivyo, jina kwa jina, mpaka Rebeka akainama juu ya bega lake.

"Huyo alikuwa na miaka minane, mwalimu."

"Ni mkubwa kwangu. Shikamoo."

Ditram alikuwa ameshageuka, anachechemea kulifuata gari lake alilolificha vichakani. Hakuna aliyemshukuru, naye hakusubiri.

"Msichana, Rudewa," Shamimu alisoma. "Amekataa kutaja jina."

Kidole chake kikabaki kwenye mstari ule; hapakuwa na jina la kuamkia.

Ditram alisimama. Hakugeuka.

"Shikamoo, bibi," alisema, akaingia garini.