Gari Lililovaa Viatu vya Mwenzake

Sisi wavuvi wa Kiongoroni tuna pikapu moja ya kikundi. Asubuhi mashua zinafika dikoni, samaki wanafukiwa kwenye barafu, halafu mwanangu Sufiani anawapeleka sokoni Kibiti. Mimi zamani nilikata boriti za mikoko, lakini hayo tuyaache.

Masika iliyopita tope lilitutesa. Tope letu jeusi likishika gurudumu haliachi. Mzee Abdulatifu, mwenyekiti wetu, akasema, "Tufunge matairi makubwa, gari lipande juu." Tukaitikia wote. Kweli likapanda, halizami tena.

Ila Sufiani akaanza kukamatwa. Mwendo kasi! Haijapita wiki, tena mwendo kasi! Pale pale Kibiti, kwenye kibao cha hamsini.

"Mwanao anaendesha kama kafukuzwa na nyuki," Abdulatifu akaniambia. "Akikamatwa tena, funguo tunampa mwingine."

"Baba, wallahi nilikuwa hamsini," Sufiani akaniambia. Mkewe Zuhra ana mimba, na kwa mawazo chakula kilikuwa hakimshuki.

Basi nikapanda naye mwenyewe. Tulipofika kwenye kibao, macho yangu yako kwenye mshale wa spidi. Hamsini. Mara trafiki huyo, mkono juu.

"Hamsini na sita, mzee," akasema, akanionyesha tochi yake ya kupimia mwendo.

Askari hatujui, hana ugomvi na sisi. Mwanangu naye hakudanganya, nimeona kwa macho yangu. Nikaseme nini kikundini? Watasema baba anamkingia mwana.

Sokoni Abdulatifu anatungoja, habari keshaipata kwa simu. Mkono kaunyosha. "Funguo."

"Ngoja kwanza, mwenyekiti," nikasema. "Huu mshale mgonjwa. Akautazame fundi."

Tukaenda kwa Kijakazi, fundi wa magari. Hata boneti hakufungua. Aliinama, akasoma namba ubavuni mwa tairi, akaitazama na spea. Akacheka.

"Babu, gari lenu limevaa viatu vya mwenzake!"

"Acha utani, binti, mtu anapoteza kazi," nikamwambia.

Akaitoa spea, ndiyo saizi ya zamani. Akaitia alama ya chaki, akaiviringisha mzunguko mmoja. Nikapima umbali huo kwa mshipi wa kuvulia. Akafanya hivyo hivyo na tairi kubwa. Hilo likaupita mshipi shibiri nzima.

"Mnaona?" akasema Kijakazi. "Gari halioni barabara. Linahesabu mizunguko ya tairi tu. Linadhani bado lina tairi la zamani. Kila mzunguko mnakwenda zaidi, lenyewe halijui."

"Kwa hiyo mshale ukisema hamsini..." Sufiani akaanza.

"Wewe uko hamsini na tano, hamsini na sita."

Abdulatifu akakuna ndevu. "Na zile kilomita zinazoandikwa?"

"Nazo pungufu. Mkienda mia na kumi, inaandika mia. Oili mnayobadili kwa kufuata kilomita hizo, mnaichelewesha."

"Basi tufunge madogo kuliko hata ya zamani, tuwe salama!"

"Hapo mshale utasema zaidi ya mwendo wenu. Uongo ni uongo, mwenyekiti. Someni kibandiko hiki mlangoni kwa dereva. Saizi yenu imeandikwa hapa."

"Na tope?" nikauliza.

"Chukueni saizi hiyo hiyo, yenye kashata nene, yale meno ya kushika tope."

Abdulatifu akatazama chini. Matairi makubwa alisema nani? Hakuna aliyemuuliza.

Yalipofungwa matairi ya saizi yake, tukarudi njia ile ile, Abdulatifu kati yetu. Kwenye kibao mshale ukasema hamsini. Nikashika mlango kwa nguvu. Trafiki yule akatazama tochi yake. Akatazama sisi. Akatupungia: piteni.

"Kumbe unaendesha kama bibi harusi," Abdulatifu akamwambia Sufiani. Ndiyo radhi yake hiyo, zaidi ya hapo haombi.

Nyumbani Zuhra amesimama mlangoni. Sufiani akapita, akatundika funguo kwenye msumari wake wa siku zote. Zuhra akazitazama, akaingia jikoni akapakua wali. Na yeye akala.