Glavu za Halyna

Yalimpata rafiki yangu Halyna, hapa hapa Manitoba, katika baridi ya kupasua mabomba. Feni ya tanuri la umeme linalopasha nyumba yake joto ilipuliza ilipojisikia. Mkaguzi wa umeme aliandika kwamba haina kosa, maana mbele yake ilikuwa na adabu. Halyna akamshuku fundi Delbert.

"Unanichezea shere! Unaiharibu ili nikuite tena."

"Haya bibie, ilinde mwenyewe." Delbert akazima umeme wote, akaing'oa feni, akaibwaga juu ya meza ya jikoni.

Ikabaki nuru ya theluji dirishani, na kimya. Kwenye tundu la sakafuni linalotoa hewa ya tanuri, Halyna alikuwa ameanika glavu zake. Zikajaa hewa polepole, vidole vikasimama. Zikanywea. Zikajaa tena.